Kizingiti cha Waya

Voi, 12 Aprili 1998

Mwanangu Mansur,

Assalaam alaikum. Ni mimi ami yako Mbaruk, wa hapa hapa mtaa wa Sofia, mlango wa kijani. Sote wazima, ila mafua. Mvua zimetuacha, Alhamdulillahi. Hiyo El Niño ilituchukulia choo, ukuta wa jikoni na kuku sita, na laini ya simu ya mtaa imelala chini tangu Novemba. Barua yako ya Idi nimeipata juzi. Tende zimekwisha, kanzu imefuliwa mara kumi, ndipo naambiwa Idi njema. Haya, nawe pia.

Mimi tangu nistaafu reli ni yule yule, mkunja waya. Mulei, yule fundi baiskeli, ananiletea spoku za baiskeli na waya wa boma, nami nakaa benchini nakunja. Nimetengeneza fumbo jipya la waya, jina lake Wakwe Wawili: vipande viwili vilivyopindana, na pete katikati isiyotaka kutoka. Dereva mmoja wa lori alikaa nalo barazani tangu adhuhuri, akasahau mzigo wake wa nyanya. Nilimfukuza mimi.

Sasa nije kwa lililonikalisha kuandika. Desturi ya nyumba hii waijua. Bwana arusi hupewa fumbo na mkubwa wa nyumba, na mpaka alifungue kwa vidole vyake, bila koleo na bila kuonyeshwa, hamtoi mkewe kwenda naye kwake. Mimi la babangu lilinitoa jasho miezi mitano. Wewe nilikupa fumbo la Kizingiti siku ulipomuoa Nasiha. Ukaondoka nacho mfukoni, Januari ya mwaka jana, ukisema, "Ami, nikikifungua tu, naja kumchukua." Huu ni mwezi wa kumi na tano. Jannat, binti yako ambaye hujamtia machoni, anasimama kwa kushika benchi langu. Nasiha halalamiki. Jioni hunipangia koleo zangu, halafu huenda mlangoni kutazama nani ameshuka kwenye basi la Nairobi.

Hebu niambie, fumbo ndilo gumu au ni wewe?

Ami yako,
Mbaruk


Nairobi, 3 Juni 1998

Ami yangu mpenzi,

Wa alaikumu salaam, na shikamoo sana. Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Bahasha ililowa kona moja lakini maneno yote mazima, na ukali wake mzima pia. Mimi sijambo. Baridi ya huku inauma, nimenunua koti la mtumba. Poleni kwa choo na kuku.

Ami, nina habari njema. Nimepata kazi kwa Mzee Idris, mfanyabiashara aliyekuwa akifunga redio za mawasiliano katika hoteli za mbugani, na sasa anafunga intaneti. Intaneti ni kompyuta kuandikiana dunia nzima. Kwa wengi hupita kwenye laini ya simu, lakini sisi tunaipitisha kwa redio, hewani, bila waya. Ukiandika hapo Voi, mimi Nairobi naisoma kabla chai yangu haijapoa. Hakuna tena mambo ya Idi ya Januari kufika Aprili! Nimemweleza bosi habari za duka lako la mafumbo, amekubali nilete mashine moja ya majaribio. Ikishika, tutafungua ofisi ya kutuma barua za hewani, na mafumbo yako tutayapiga picha yaonekane hadi Ulaya.

Kizingiti bado kinanishinda. Jioni narudi vidole vimekufa kwa kazi. Na nyumba za huku, Ami, usiulize. Nivumilieni kidogo.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Mansur


Voi, 9 Agosti 1998

Mansur,

Assalaam alaikum. Sisi twaendelea. Jannat anatembea, na amevunja birika langu la bluu, lile ulilokuwa ukiogopa hata kuligusa. Mjukuu hana adabu, nampenda sana.

"Wasalimie wote nyumbani." Wote ni akina nani? Nyumba hii ina watu watatu. Mimi nimesalimiwa pale juu kwa shikamoo. Mtoto hajui kusoma. Aliyebaki ana jina, alipewa na wazazi wake, nawe ulilitamka mbele ya kadhi bila kukwama.

Mashine yako imefika. Donald, yule dereva wa Bura, aliibeba kiti cha mbele akaifunga mkanda wa abiria. Nimefungua maboksi. Waniambia ni intaneti isiyo na waya, na boksi la kwanza tu nimetoa mita thelathini za waya! Waya mzuri, shaba tupu. Nilitaka kuukata nikunje Wakwe Wawili kumi, Nasiha akaniambia, "Ami, usiukate, huenda ndio wa kumleta." Nikauacha.

Niandikie mambo haya yanafungwaje. Na usinilaumu kwa mistari kupandana, kalamu hii mbovu.

Mbaruk


Nairobi, 20 Septemba 1998

Ami mpenzi,

Shikamoo. Natumai mu wazima, wewe, Nasiha na Jannat. Nimewataja wote, usinigombeze. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa mbugani nikifunga mitambo.

Kwanza mashine. Simamisha nguzo mbili, moja paani kwako na nyingine nyuma kwenye ua, ziachane hatua thelathini. Ule waya wa shaba utandaze katikati yake, juu, usiguse bati. Huo ndio antena. Katikati yake unateremka waya mnene mweusi mpaka kwenye redio. Redio inaungwa na kisanduku cha modemu, modemu inaungwa na kompyuta. Waya wa kijani uuzamishe ardhini pamoja na kijiti cha chuma, isije radi ikatuvunjia nyumba. Umeme toa kwenye betri ya gari. Ukiwasha, subiri taa ya modemu iwe ya kijani, andika, halafu bonyeza palipoandikwa tuma. Anwani nimeshaitia ndani, ni moja tu, ya ofisi yetu. Kila asubuhi karani, binti wa bosi anaitwa Mwanamina, huzichapa barua zote zilizoingia usiku na mchana, akazigawa mezani.

Mtafute fundi hasa. Tafadhali usimwache Nasiha aisogelee. Darasa la nane la Taveta na kompyuta ni vitu viwili mbalimbali, atabonyeza pasipo pake tuingie hasara.

La pili, Ami, keti kwanza. Kizingiti nimekifungua! Usiku wa Jumapili, chwa, kikaachia. Nimekirudishia kilivyokuwa, nakutumia kwa mkono wa Donald ukione. Lakini nyumba bado haijawa tayari, basi Nasiha asubiri kidogo tu.

Mwanao,
Mansur


Voi, 2 Novemba 1998

Mansur,

Assalaam alaikum. Herufi hizi zimepigwa na kompyuta yako, kwa hiyo jua kwamba mashine imefungwa na inawaka. Siku tatu taa ilikataa kuwa ya kijani. Nikaomba waya wa antena uteremshwe, nikaupitisha wote vidoleni, hatua kwa hatua, mpaka nikakuta mahali ulipovunjika ndani, nje mzima. Ukaungwa, ukapandishwa, ikashika. Maneno haya siyatumi kwa redio lakini. Nayapeleka posta, kwa sababu si ya kuchapwa na karani.

Donald amenipa Kizingiti. Nilifurahi, sikufichi. Nasiha alichinja jogoo. Akavaa ile leso ya harusi, akaketi karibu yangu, akasema, "Ami, mwambie anionyeshe alivyofanya." Nikakishika. Nikafuata waya wangu, kona ya kwanza, kona ya pili, kitanzi, pete. Kidole kikakwama. Pale chini ya kitanzi pana kiuvimbe kidogo kama chunusi, kimepigwa tupa kikalainishwa. Hiyo ni lehemu, Mansur. Umekikata kwa koleo, ukakiunga kwa lehemu ya kazini, ukaniletea mimi! Mimi niliyeunga nyaya za taa za reli miaka thelathini na moja!

Kushindwa si aibu. Ungesema, "Ami, nimeshindwa," ningecheka, ningekupa chepesi, ungemchukua mkeo ukaenda zako. Nani alikulazimisha? Jogoo tulimla kimya.

Nakuuliza mara moja, nawe nijibu mara moja. Una nini Nairobi?

Nasiha hajambo. Hana salamu za kukupa.

Mbaruk


Nairobi, 22 Januari 1999

Ami yangu,

Shikamoo, na Idi Mubarak. Natumai mlifunga salama. Nilipoipata barua yako nilikaa nayo Ramadhani nzima. Kwanza hongera kwa kujifunza kompyuta katika umri wako, umepiga chapa safi, hakuna hata kosa. Na mimi nimepata moyo. Zamani niliogopa kwamba huenda kuna mtu anakuandikia na kukusomea. Sasa najua tunazungumza wawili, baba na mwana. Nami nimetumia posta kwa sababu ile ile yako, za redio zote zinapita kwa Mwanamina.

Ami, Mwanamina ni mke wangu. Tuliozwa Julai mwaka jana. Najua utasema wake wawili si dhambi, kwa nini kufichaficha. Ni kwamba baba yake hakutaka binti yake awe wa pili. Aliniuliza kama nina mke. Nilikuwa na njaa, Ami, nilikuwa nikilala stoo ya ofisi, na mzee yule akiniangalia kama mwanawe. Nikasema nilikuwa naye, akachukuliwa na maji ya El Niño. Neno lilitoka tu. Walimsomea hitima. Mwanamina alilia.

Sasa Mzee Idris amekubali tufungue ofisi hapo Voi, kwenye duka lako. Tunakuja mwezi wa tatu, mimi, yeye na Mwanamina. Nakuomba kwa maziwa niliyonyonya nyumbani kwako, kabla hatujafika mrudishe Nasiha kwao Taveta. Mwambie nyumba inakarabatiwa. Mtoto aende naye, nitawatumia cha kuwatosha. Baadaye nitamwandikia talaka polepole, asiumie. Usimwonyeshe barua hii. Ichome.

Mimi si mtu mbaya, Ami. Nimeteleza tu.

Mwanao,
Mansur


Voi, 18 Februari 1999, saa nne kasoro robo asubuhi
KWA REDIO

Kwa Mansur,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo. Jannat ameota magego, anauma kila kitu. Ami ana kikohozi lakini anakula. Mvua hakuna, mahindi ya watu wa Kasigau yamekauka, na Donald ametuletea kabichi za Bura. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Ami haoni. Ulipoambiwa kalamu ni mbovu, si kalamu, ni macho. Yalianza kuingia giza mwaka juzi, Agosti ya mwaka jana yakafunga. Hakutaka ujue, alisema hataki kurudiwa kwa huruma, anataka urudi kwa sababu ni kwenu. Tangu hapo yeye husema, mimi huandika. Zako huzisoma mimi. Ile ya Novemba niliipiga mimi, kwa darasa langu la nane la Taveta. Alipofika kwenye lehemu akaniambia, "Andika, usipunguze," nikaandika. Asante kwa kusema sina hata kosa moja.

Fundi hakupatikana, na aliyepatikana alitaka kwanza aelezwe yeye. Nikapanda paani mwenyewe. Mulei alinishikia nguzo, anacheka mpaka alipoona imesimama. Waya wa kijani niliuzamisha pale choo kilipochukuliwa na maji, ndipo ardhi ina unyevu. Modemu ilipowaka kijani nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Nilidhani nimefunga njia ya wewe kurudi.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Ami alikuwa benchini na waya mkononi. "Soma," akasema. Nikasoma shikamoo, nikasoma Idi Mubarak. Nilipoona jina la Mwanamina macho yangu yalitangulia mbele. Ami akasema, "Endelea." Nikamsomea kwamba umeoa. Nikamsomea kwamba nimekufa. Hapo nilishindwa, Mansur. Nilikaa na karatasi mikononi, na Jannat ananivuta leso anataka uji. Ami akauliza, "Amekufa nani?" Ilibidi niseme mimi, kwa kinywa changu, kwamba ni mimi.

Sikuumizwa na ndoa. Ungenipa mwenza nikalia wiki moja, nikapika pilau yake. Lakini ule mwezi uliotuulia kuku ndio mwezi nilioshika nguzo ya jiko usiku kucha na mtoto mgongoni, maji yakiwa magotini, naliita jina lako. Maji hayakunichukua. Umekuja kunitupa wewe, umekaa Nairobi mkavu, umevaa koti. Hitima mlinisomea, wali mlikula. Haya, Mola awalipe kwa dua, nitazihitaji siku yangu ikifika.

Ami hakuichoma barua yako. Ameniambia niitie ndani ya msahafu wake, mahali pa vyeti vya nyumba. Halafu akaomba spoku mpya. Siku mbili akakunja kwa kupapasa, mimi nikimshikia koleo, mpaka Kizingiti kingine kikatoka, sawasawa na kile cha kwanza, bila lehemu. Akaniwekea kiganjani. "Na wewe jaribu," akasema. Kilinichukua tangu alasiri hadi isha. Siwezi kuandika jinsi kinavyofunguka, desturi hairuhusu, ila nitakwambia hakihitaji nguvu hata kidogo. Ukivuta, kinakaza. Kikaachia. Nikamuuliza Ami, "Desturi inasema bwana arusi akikifungua amtoe mke. Mke akikifungua je?" Akasema, "Hilo halijatokea nyumba hii. Lakini akikifungua mke, basi mke ametoka."

Kwa hiyo nimetoka. Taveta siendi, huko nina kaka mwenye chumba kimoja na watoto watano. Nabaki hapa Sofia, mlango wa kijani. Benchi amenipa Ami, mbele ya imamu na Mulei, na mashine hii nitaitumia mpaka mwenyewe aje aichukue. Mke wa mwalimu mkuu amekwisha kuja kuuliza kama anaweza kumwandikia mwanawe aliye Uingereza. Kwa kadhi nimekwenda jana. Alitaka kujua kama mume hutunza, nikamwonyesha karatasi. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema maiti haachwi, lakini kwa huyu tutaona la kufanya.

Ami ana neno lake, nakuandikia kama alivyolisema: "Mwambie Kizingiti hiki kipya anakileta Donald. Akifungue kwa mikono yake miwili ndipo avuke mlango wangu. Kama ni mwaka, ni mwaka. Kama mimi nimekufa, na ni kufa kweli, azuru kaburi aende zake." Amesema hivyo, halafu amegeukia ukuta. Analia, lakini hilo hakuniambia niandike.

Ningeweza kuipeleka posta. Ningekungoja wiki tatu, ungeikuta peke yako, ungeichoma. Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha vizuri. Anwani ni moja tu.

Dada Mwanamina, assalaam alaikum. Najua wewe ndiye unayechapa barua za asubuhi, na pengine umesimama hapo karibu na mashine, karatasi bado ina joto. Kaa kitako, dada. Sina ugomvi nawe. Mume wako alisema kweli kwamba alikuwa na mke. Asante kwa machozi uliyonilia, hakuna mwingine aliyenilia. Binti yangu anaitwa Jannat, ana meno kumi na mawili. Ukipenda kuja na baba yako mwezi wa tatu kama mlivyopanga, njooni, nitawapikia, na hamtapewa fumbo lolote mlangoni.

Ukimaliza kusoma, mpe Mansur karatasi yake.

Ni mimi,
Nasiha, yule marehemu